Ruzuku za bangi Colorado zikifutwa: yanayosemwa na hali halisi

"Ruzuku ikifutwa, halmashauri hazipati tena hata senti ya bangi."

Katika jimbo hili la Marekani, ambako bangi huuzwa dukani kihalali, watu huchanganya vitu viwili: ruzuku ya jimbo ya kupambana na bangi ya magendo, na mgawo wa kodi ya mauzo ya dukani. Ruzuku huombwa, na pesa zake huidhinishwa na bunge la jimbo kwa kila mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1. Mgawo wa kodi hauombwi. Umeandikwa kwenye sheria. Chukua bangi ya dola 100 dukani. Sheria ya 2017 ilipandisha kodi maalumu ya jimbo kutoka asilimia 10 hadi 15, lakini fungu la mji au kaunti ndani ya kodi hiyo likashushwa kutoka asilimia 15 hadi 10. Piga hesabu: kabla, dola 1.50. Baada, dola 1.50 ileile. Nyongeza yote ilibaki kwa jimbo.

"Mji uliokataa maduka hauna cha kupoteza."

Huo ndio unaoumia zaidi. Mgawo hufuata mauzo, kwa hiyo pasipo duka hakuna mgawo. Wapandaji wa magendo nao hawajali kama mji una leseni au hauna. Mtu mzima anaruhusiwa miche 6, na tangu 2018 nyumba moja haizidishi 12 isipokuwa sheria ndogo za mji ziruhusu. Msako unaweza kukuta mamia. Ruzuku ya kupambana na soko haramu, iliyoanzishwa 2017, ilitanguliza maeneo ya vijijini yenye askari wachache. Ikikatwa, kesi haifutwi nayo: saa za ziada za askari na gharama za mashtaka hurudi kwenye bajeti ya kaunti. Kosa baya hapa ni kumlipa mpelelezi wa ajira ya kudumu kwa pesa za mwaka mmoja.

"Pesa zipo, jimbo lina uchoyo tu."

Mauzo yalipita dola bilioni 2.2 mwaka 2021. Kufika 2023 yalikuwa kama bilioni 1.5. Mfuko uliolipa ruzuku hulishwa na mauzo hayohayo. Ule ushuru wa asilimia 15 wa bangi inapotoka shambani usiuhesabu, ni wa shule.

"Basi halmashauri zipandishe kodi zao."

Tangu 1992 katiba ya Colorado inataka kodi mpya ipigiwe kura na wananchi. Mji wa Denver ulipandisha kodi yake ya bangi kutoka asilimia 3.5 hadi 5.5 mwaka 2018 bila kura nyingine, kwa kuwa wapiga kura wa 2013 walishairuhusu kufika 15. Mji usiojiwekea nafasi hiyo husubiri uchaguzi. Na usio na duka, hata kura zikitosha, hauna mauzo ya kutoza.