Fanon hakutukuza umwagaji damu

Ninaposahihisha insha za wanafunzi wa fasihi ya ukombozi, hakuna dai linalonichosha kama hili: kwamba Frantz Fanon, mwandishi wa Martinique aliyepinga ukoloni, alihubiri mauaji. Mara nyingi maneno wanayoyanukuu kuthibitisha dai hilo ni ya mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, aliyeandika dibaji ya kitabu cha mwisho cha Fanon, Viumbe Waliolaaniwa (Les Damnés de la terre), mwaka 1961 kwa ukali uliompita mwenye kitabu. Ni kweli kwamba sura ya kwanza inasema mabavu humwondolea mtawaliwa hali ya kujiona duni. Lakini sura hiyo hiyo inaonyesha kwamba mabavu yalianza kwa mkoloni, aliyetawala kwa bunduki na polisi, kama Ufaransa ilivyofanya Algeria tangu uvamizi wa mwaka 1830.

Wanaomshutumu husahau kwamba Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kuanzia mwaka 1953 alifanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, hadi alipojiuzulu mwaka 1956 kwa kuupinga utawala wa kikoloni. Sura nzima ya kitabu chake inaeleza wagonjwa wa pande zote mbili za vita. Yumo ofisa wa polisi wa Kizungu aliyezoea kutesa wafungwa, hata akaanza kumpiga mke na watoto wake, kisha akamwomba daktari amtulize ili aendelee na kazi ile ile. Mtu anayetukuza umwagaji damu haandiki sura kama hiyo. Nawasihi wanafunzi waanze na sura hiyo, na dibaji waisome mwisho kabisa.

Wengine hudai kwamba waandishi wa ukombozi kama Fanon waliwalaumu Wazungu peke yao. Fanon aliwashambulia vikali matajiri wazalendo waliokalia viti vya wakoloni, naye Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Dar es Salaam, alisema wazi mwaka 1972 kwamba wajibu wa mwisho wa kuleta maendeleo ni wa Waafrika wenyewe.

Kwa wanaosema kwamba wakoloni walituletea maendeleo kwa kujenga reli, hoja ya Rodney ni fupi: tazameni zilikoelekea. Zilitoka migodini na mashambani hadi bandarini.

Wala Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, hakukataa mataifa yakutane, kama baadhi wanavyodhani. Mwaka 1950 aliandika kwamba ni jambo jema staarabu mbalimbali zigusane, kisha akauliza kama kweli ukoloni ulizikutanisha. Jibu lake lilikuwa hapana.