Je, wajua kwa nini nusu ya samoni wa Washington ni ya makabila ya asili?

Tunaongelea jimbo la Washington, lile la kaskazini magharibi mwa Marekani, sio mji mkuu. Kule makabila kama Nisqually, Puyallup, Lummi na mengine yana haki ya kuchukua mpaka nusu ya samoni wanaoruhusiwa kuvuliwa katika maji yao ya zamani, hata kama maji yenyewe yako nje kabisa ya ardhi waliyotengewa. Ukisikia hivyo juu juu utasema hawa jamaa wanapendelewa, na watu wengi kule walisema hivyo kwa miaka, wengine mpaka kwa ngumi. Ila ukifuatilia unakuta hakuna aliyewapa kitu.

Twende 1854. Gavana Isaac Stevens ana haraka ya kupata ardhi kwa ajili ya walowezi, Washington hata haijawa jimbo bado. Tarehe 26 Desemba pale Medicine Creek anawakalisha wazee wa Nisqually, Puyallup na wenzao, wanaachia zaidi ya ekari milioni 2 kwa dola 32,500, tena za kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 20. Na mazungumzo yote yalipitia Chinook Jargon, lugha ya sokoni yenye maneno mia kadhaa tu, sasa fikiria unaelezwa mambo ya sheria ya ardhi kwa lugha ya kuuziana ngozi na blanketi! Lakini kuna kitu hawakukiachia: kuvua. Mkataba ukaandika kwamba haki ya kuvua katika sehemu zao zote walizozizoea inabaki kwao, "kwa pamoja na raia wote" wa eneo lile. Yaani ni kama mtu anakuuzia shamba halafu anakwambia mti ule wa kona matunda yake bado nachuma, tumeelewana? Na wewe unasaini. Mikataba mingine ya Stevens ya 1854 na 1855 ina kipengele hicho hicho.

Kwa nini waling'ang'ania sehemu na sio samaki tu? Hapo lazima umjue samoni. Anazaliwa mtoni, anaenda kukulia baharini, halafu baada ya miaka anarudi kutaga kwenye mto ule ule aliozaliwa. Kwa hiyo huna haja ya kumkimbiza, ukiwa na kona yako ya mto au maporomoko yako anakufuata mwenyewe msimu ukifika, na sehemu hizo familia zilirithishana vizazi na vizazi. Uzuri huo ndio ukaja kuwa shida yao. Samaki anayerudi anapita kwanza baharini kwenye boti za wavuvi wa biashara, halafu anaingia ghuba ya Puget anakutana na boti zingine, mtoni anafika aliyenusurika. Na serikali ya jimbo ikihesabu mtoni inakuta samaki ni wachache, inasema tunahifadhi, nyavu mtoni marufuku. Sasa mtoni nani ana nyavu? Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 makabila yalikuwa yanapata chini ya asilimia 5 ya samaki wote waliovuliwa, na wao ndio walikuwa wanaambiwa wanamaliza samaki.

Kuna njia nyingine ya kumnyima mtu haki bila kuigusa karatasi, unafunga njia tu. Kwenye mto Columbia ndugu wawili wa ukoo wa Winans walinunua ardhi ya kando ya mto, wakaweka magurudumu makubwa yanayozungushwa na maji na kuzoa samaki mchana na usiku, watu wa kabila la Yakama wakafungiwa kupita. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1905 majaji wakasema kitu ambacho mpaka leo ndio msingi wa kila kitu: mkataba haukuwapa makabila haki, wao ndio waliitoa haki kwa serikali, na ambacho hawakukitoa bado ni chao. Kwa hiyo hati ya kiwanja haimzuii mtu kupita kwenda kuvua pale walipovua babu zake.

Uamuzi mzuri, ila jimbo liliendelea kukamata watu. Billy Frank Jr., Mnisqually, alikamatwa mara ya kwanza 1945 akiwa na miaka 14, na maishani alikamatwa zaidi ya mara 50, nyavu na mitumbwi vinachukuliwa, anatoka, anarudi mtoni. Miaka ya 60 wakaanza kuvua makusudi mbele ya polisi na kamera, 1964 hata mwigizaji Marlon Brando alienda kuvua nao mto Puyallup akakamatwa. Septemba 1970 polisi wakavamia kambi ya wavuvi kwenye mto huo huo kwa mabomu ya machozi na virungu, na siku chache baadaye serikali ya shirikisho yenyewe ikalishtaki jimbo.

Kesi ikaangukia kwa jaji George Boldt, mzee mhafidhina aliyeteuliwa na rais Eisenhower, hakuna aliyemtegemea. Tarehe 12 Februari 1974 akatoa hukumu: kama pande mbili, makabila na raia wengine, zinavua kwa pamoja, basi kila upande una nafasi ya kupata mpaka asilimia 50. Nusu imetoka hapo. Wavuvi wengine waliwaka, wakatundika sanamu ya jaji na kuinyonga, jimbo likagoma kutekeleza, mpaka Mahakama ya Juu ikaipitisha sehemu kubwa ya hukumu hiyo 1979. Tangu hapo makabila yanakaa meza moja na jimbo kupanga nani avue nini na lini, na kwa maoni yangu hicho kina uzito kuliko hata ile nusu.

Maana nusu ya sifuri ni sifuri. Barabara za jimbo zinapita juu ya vijito kwa makalavati, na mengi yaliwekwa vibaya, juu mno au membamba mno, samoni anafika hapo anagonga mwamba. Makabila yakashtaki 2001 kwamba haki ya kuvua inamaanisha pawe na samaki wa kuvua, na 2018 Mahakama ya Juu ikagawanyika 4 kwa 4, kwa hiyo ushindi wao wa mahakama ya chini ukasimama na jimbo likabaki na kazi ya mabilioni ya dola ya kufumua makalavati hayo.

Na chaza na kome je? Nao wamo. Mwaka 1994 jaji Edward Rafeedie alisema nusu ni ile ile kwa samakigamba wanaojiotea wenyewe, hata wakiwa kwenye ufukwe wa mtu binafsi. Mwenye nyumba hapo anaendelea na ufukwe wake, lakini kabila likiwa na zamu ya kuja kuchimba kwa masharti yaliyowekwa, hawezi kuwafukuza. Waliopandwa na mtu kwenye shamba lake la chaza hawahesabiwi.