Kumweka wa pili si kumwibia wa kwanza

Nafundisha raia wapya hapa Portland, jimbo la Maine, namna ya kupiga kura. Wengi wao ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha darasani. Kiti cha seneta Susan Collins kinagombewa tena Novemba 2026, na maneno yale yale yamesharudi. Juzi mzee mmoja aliisukuma karatasi ya kura ya mfano pembeni, akaniambia: "Mwalimu, mimi naweka mmoja tu. Nikimweka wa pili, nimemwibia wa kwanza."

Kauli hiyo nimeisikia mpaka nimechoka, na si kweli.

Maine inapochagua seneta, mpiga kura huwapanga wagombea kwa nafasi. Karatasi ni kama jedwali: majina yanashuka upande wa kushoto, nafasi zimepangwa kwa safu kuelekea kulia, nawe unajaza kiduara pale jina na nafasi vinapokutana. Kura yako ni ya yule uliyemweka wa kwanza, na inabaki kwake muda wote anapokuwa bado yumo. Asipopatikana wa kuvuka nusu, walio mkiani huondolewa na hesabu inaingia raundi nyingine. Wa pili wako hatazamwi kabisa mpaka wa kwanza aondolewe hivyo. Akishaondolewa, utamwibia nini?

Tazameni mwaka 2020. Collins alipata takriban asilimia 51, mpinzani wake Sara Gideon wa Democratic akapata kama 42, na wengine wawili, Lisa Savage na Max Linn, wakagawana zilizobaki. Kwa kuwa Collins alivuka nusu, hesabu iliishia raundi ya kwanza. Waliomweka Savage kwanza na Gideon wa pili hawakumpunguzia Savage hata kura moja.

Sasa rudini 2018, kwenye kiti cha Bunge la Wawakilishi, wilaya ya pili ya Maine. Bruce Poliquin, aliyekuwa anatetea kiti chake, aliongoza raundi ya kwanza kwa kura kama 2,000, lakini hakufika nusu. Wagombea huru wawili, waliokuwa na kura zaidi ya 23,000 kwa pamoja, wakaondolewa, na nafasi za pili za wapiga kura wao zikahesabiwa. Jared Golden, mpinzani aliyekuwa nyuma ya Poliquin, akashinda kwa tofauti ya kura kama 3,500. Waliokuwa wamejaza mgombea huru peke yake na kuacha safu nyingine tupu, kura zao ziliishia hapo. Raundi ya mwisho iliamuliwa na wengine.

Kuna wanaojaza jina lile lile kwenye safu zote, wakidhani wanamwongezea nguvu mtu wao. Huhesabiwa mara moja tu. Hatari zaidi ni kujaza wawili kwenye safu moja: hesabu ikifika hapo, kura yako imekwisha. Na msichanganye na gavana. Uchaguzi mkuu wa gavana wa Maine hautumii mpango huu. Pale mnachagua mmoja, basi.

Mengine nitayapitia haraka. "Collins muda wake umeisha, mihula ni miwili." Hiyo ni ya rais. Seneta hana ukomo. Muhula ni miaka sita, naye yuko Seneti tangu 1997. "Wajumbe ndio wanaoamua." Wajumbe, wale wa majimbo wanaopiga kura ya mwisho, ni wa rais na makamu wake, seneta huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, tangu marekebisho ya katiba ya 1913. "Mwenye pesa ameshashinda." Mwaka 2020 Gideon alichangisha zaidi ya dola milioni 70, kura za maoni nyingi zikamweka mbele, na akashindwa. "Ukimpa rais wa chama hiki, lazima seneta awe wa chama hicho hicho." Mwaka ule ule Biden aliichukua Maine kwa pointi kama 9, na Collins wa Republican akarudi Seneti.

Hili moja naomba mlishike, kwa sababu linaharibu maisha ya watu: mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu ambaye bado si raia, hapigi kura ya seneta, hata akiwa amelipa kodi miaka ishirini. Ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho, na linaweza kumfukuzisha nchini. Ukipewa fomu ya kujiandikisha na bado hujala kiapo cha uraia, irudishe bila kuitia saini.

Na wewe mama uliyeniambia unabaki nyumbani kwa sababu Kiingereza hakipandi: sheria inakuruhusu kuingia na mtu wa kukusomea karatasi. Aweza kuwa mwanao, jirani, au hata mimi. Asiwe tu mwajiri wako wala wakala wake, wala kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Hata kujiandikisha, Maine unaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura, kwa kitambulisho na uthibitisho wa mahali unapoishi.