Je, wajua kwa nini ulimi wa Mswahili huzizoea upesi nyimbo za Kihispania?

Kuanzia miaka ya 1930, santuri za muziki wa Cuba za mfululizo wa GV ziliuzwa Afrika, na Kongo zikapendwa mno. Wanamuziki wa huko wakaanza kuimba kwa Kihispania walichookota masikioni, pengine bila kujua maana. Darasa hapakuwa, ila matamshi yaliwakubali.

Siri kubwa ni irabu. Kihispania kina tano zilezile tulizo nazo, na karibu kila neno husomwa lilivyoandikwa. Maneno kama casa na camino hata mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Ñ ni ny ya nyama. Na d iliyo katikati ya irabu, kama kwenye nada, hulainika ikakaribia dh ya dhahabu.

Mbona basi mwimbaji anasikika kama hapumziki? Kwa sababu irabu zinapokutana mpakani mwa maneno, mara nyingi huimbwa kwa pigo moja. Mi amor ina silabi tatu ukiitazama kwenye karatasi. Ikiimbwa huwa mbili, "mia-mor". Anayevizia neno mojamoja litampita. Kamusi haiwezi kukufundisha hili, lakini wimbo unaoupenda utaurudia jioni nzima bila kuchoka, na mpaka huo utauzoea.

Ningekushauri uanze na bolero, yaani nyimbo za mapenzi za Kihispania, maana huenda taratibu. Sikiliza mstari mmoja, uandike ulichosikia, ndipo ufungue maneno yake ulinganishe. Palipokushinda mara nyingi ndipo maneno yalipoungana. Parudie hapo hapo, kisha imba pamoja na mwimbaji. Regetoni ya Puerto Rico, muziki wa dansi wenye kurapu, isubiri kidogo: wengi huko humeza s ya mwisho wa silabi, hata estás ikasikika karibu na "etá".

Jambo moja wimbo unaweza kukupotosha: mkazo. Hablo ni "ninasema", habló ni "alisema", kama sisi tunavyotenganisha barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" kwa mkazo tu. Tuni huweza kuuhamisha mkazo ili mstari ukae vizuri kwenye mapigo. Kwa hiyo mstari ukishakukaa kichwani, useme pia bila tuni, kama unayeongea na mtu aliye mbele yako.