Mgonjwa wa homa nyumbani: siku ya joto kushuka ndiyo ya kukesha

Wana Mtwara tuna undugu wa zamani na homa za mbu. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 huku kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Aliyewahi kuuguza mtu aliyeshindwa kunyoosha magoti anajua kwa nini.

Malaria, dengi na chikungunya hazitofautishwi kwa kumshika mtu paji la uso. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo homa inapoanza, hasa mtoto mdogo au mjamzito. Kipimo kikisema hana, usimnunulie dawa mseto ya malaria dukani kwa kubahatisha.

Akiruhusiwa kuuguzwa nyumbani, tafuta kipimajoto na daftari. Andika hivi: “Saa 2 usiku, 39.1. Uji nusu kikombe. Kakojoa mara moja tangu mchana, mkojo kama chai ya rangi.” Muuguzi akiusoma mstari huo anaelewa kuwa maji yanampungukia, jambo ambalo “anaumwa tangu juzi” halimwambii. Mpe uji, madafu, maji ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kidogo kidogo lakini mara kwa mara.

Kwa homa na maumivu, mtu mzima anywe parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Diklofenaki tunayoikimbilia viungo vikiuma, ibuprofeni na asprini ziacheni hadi mhudumu wa afya athibitishe kuwa si dengi, kwani zinaweza kuongeza kutokwa damu.

Mchana pia alale ndani ya chandarua. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, akimuuma yeye atawapelekea wengine ugonjwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu homa ianze. Joto linashuka, nyumba nzima inashusha pumzi, mgonjwa anawaza korosho zake shambani. Kwa mwenye dengi kali, huo ndio wakati maji ya damu huvuja kutoka kwenye mishipa. Endelea kuandika kwa siku 2 nyingine. Tumbo likimkaza kwa maumivu, akitapika mfululizo, akivuja damu puani au kwenye fizi, mikono ikiwa ya baridi, akilegea, akichanganyikiwa au akipata degedege, hata kama ni usiku wa manane tafuteni usafiri, na daftari mlibebe.