Eti mteremko wa Iwambi una pepo?

Yaani kila lori likifeli breki mteremko wa Iwambi hapa Mbeya, jioni kijiweni utasikia tu pale pana pepo, pale panadai damu, sijui kuna tajiri katoa kafara. Pepo gani huyo anachagua malori yenye mzigo? Kasimame pembeni pale mchana, harufu ya breki zinazoungua inakufikia kabla hata lori lenyewe hujaliona. Dereva kaweka nyutro abane mafuta, maana lita anazobakiza ndo hela yake ya kula, mshahara haueleweki na usiku kucha hajalala anawahi foleni ya mpakani Tunduma, afu breki zenyewe bosi kafunga za bei chee. Akishaweka nyutro injini haimshikilii tena, uzito wote unabebwa na breki, zikipata moto hazishiki. Sasa hapo pepo kaingilia wapi.

Wengine wanasema magari yamekuwa mengi. Ingekuwa hivyo Ulaya wangeisha wote! WHO, shirika la afya duniani, mwaka 2023 walisema watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka, na asilimia 92 ya vifo hivyo viko nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo zina kama asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo hata kwenye gari, ni wa miguu, baiskeli na pikipiki. Nenda Uyole asubuhi umwone mama na ndoo ya viazi kichwani anavukaje.

Eti bodaboda ni wahuni. Wapo, sikatai. Ila dogo mwenye pikipiki ya mkataba, hesabu ya bosi iko palepale mvua inyeshe isinyeshe, kwa hiyo atapakia mishikaki, abiria wawili watatu kwa mpigo, na atakimbia, na helmeti anayo moja, abiria kichwa wazi (na hata abiria akipewa hiyo moja anasema itamharibia nywele).

Lami mpya nayo haituokoi yenyewe kama yenyewe, spidi ya wastani ikipanda asilimia 1 tu hatari ya ajali ya kuua inapanda kama asilimia 4, na kwetu lami inapita katikati ya soko.

Afu ukigongwa, ambulensi hamna, unarushwa nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kama gunia, shingo inaning'inia, ukifia njiani kijiweni watasema siku yake ilifika.