Udongo wa Kaburi, Tumbo la Punda: Tiba za Kienyeji za Ireland

Dhana: Sayansi imethibitisha kwamba udongo wa kaburi la padre huponya.

Hii ndiyo iliyosambaa kuliko zote, na si uzushi mtupu. Huko Boho, Kaunti ya Fermanagh, Ireland Kaskazini, amezikwa padre James McGirr, aliyefariki mwaka 1815. Husimuliwa kwamba aliacha neno: udongo utakaomfunika utaponya yale aliyoyaponya akiwa hai. Basi watu huchota kijiko kimoja, wakaufunga kwenye kitambaa, wakauweka chini ya mto wa kulalia, kisha wakaurudisha ulikotoka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea walitangaza kwamba katika udongo wa huko wamekuta bakteria wa jamii ya Streptomyces anayezuia vijidudu sugu kukua, kikiwemo MRSA, bakteria asiyesikia dawa nyingi.

Lakini hayo yalionekana kwenye vyombo vya maabara, si kwa mgonjwa, na bakteria aliyefungwa kitambaani hapenyi mto akaingia kooni. Isitoshe, jamii hiyohiyo ndiyo iliyotoa streptomaisini mwaka 1943, ile sindano ya kifua kikuu wanayoikumbuka wazee wetu. Hiyo haikuhitaji kaburi la padre.

Dhana: Tiba hizi zote ni dawa za mitishamba.

Nyingi hazina hata jani. Mtoto mwenye kifaduro alipitishwa chini ya tumbo la punda mara tatu. Aliyewahi kumlamba mjusi wa majini aliaminiwa kuponya majeraha ya moto kwa ulimi wake. Mengi ya haya tunayajua kwa sababu kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi waliagizwa kuandika waliyosimuliwa na wazee wao. Kazi nzuri mno, ila daftari hueleza watu walifanya nini, halisemi nani alipona.

Dhana: Waganga wa tiba hizi walikuwa wakitafuta fedha.

Kwa desturi mwenye tiba hapokei fedha, na sehemu nyingine hata kumwambia asante ni mwiko. Mara nyingi alirithi tiba ya ugonjwa mmoja tu.

Dhana: Hata isiposaidia, haidhuru.

Hapa ndipo ninapoacha kucheka. Lus mór, mmea wenye maua ya zambarau mithili ya kengele, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, nao walinyweshwa watoto waliodhaniwa kubadilishwa na viumbe wa sídhe, yaani viumbe wa kichawi wa ngano za Ireland. Mwaka 1895, Kaunti ya Tipperary, Bridget Cleary aliugua. Mumewe akashika kwamba huyo si mkewe, ameletewa kiumbe mwingine. Alilazimishwa kunywa dawa za majani, kisha mume akamchoma moto ndani ya nyumba yao. Siku mbili kabla, daktari alikuwa amefika hapo, akaona ni maradhi ya kifua, akamwandikia dawa.